Siku Tela Lilipokataa Kuachia

Pigo la nne la nyundo ndilo lililoufungua mpini wa kiungio cha tela. Nikafurahi kwa sekunde moja. Halafu nikasikia changarawe zikilia chini ya magurudumu, nikainua macho, nikaiona nyumba yangu inarudi nyuma peke yake.

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi Marekani kwa mikataba mifupi, mara nyingi ya wiki 13: leo niko Texas, baada ya miezi mitatu niko New Mexico. Mkataba unakuja na posho ya makazi, na kwa miaka miwili posho hiyo iliishia kwa wenye vyumba vya kupangisha, vingine vina mende, vingine vina mwenye nyumba anayekugongea mlango umelala baada ya zamu ya usiku. Nikaamua kununua tela la kuishi. Lina kitanda, jiko, choo, vyote vyangu. Nikihama, nahama na nyumba.

Aina niliyonunua kule huitwa fifwili (fifth wheel, yaani gurudumu la tano). Hili halifungwi kwenye bampa kama tela dogo la kubebea mizigo. Shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu, na chini ya shingo kuna pini nene ya chuma, kingpini, inayoingia kwenye kiungio kilichofungwa ndani ya bodi, karibu juu ya ekseli ya nyuma. Jina lenyewe limetoka enzi za magari ya farasi: magurudumu manne yako chini, na la tano ni duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili gari liweze kukata kona. Nilipomtumia mama picha pamoja na hilo jina, aliuliza kama nimenunua spea. Baba hakuuliza kitu. Baba aliendesha semi kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 27, amepanda na kushuka mlima Kitonga mara nyingi kuliko nilivyopanda ngazi za hospitali. Aliitazama picha akasema, "Hiyo ni semi, mama. Ndogo tu."

Ningemsikiliza vizuri siku ile, ningeokoa dola 1,620.

Niliingia gharama ya dola 17,500 kwa tela lililotumika, na dola 29,000 kwa pikapu ya dizeli ya daraja la 2500, zile za kazi nzito. Muuzaji wa tela akaniongezea kiungio chake cha zamani bure, akakifunga mwenyewe kwenye reli ndani ya bodi, akanipigia na saluti. Kitu kinachobeba nyumba nzima, na ndicho peke yake sikukilipia wala kukikagua. Nilikagua mapazia.

Nitaje hapa jambo la uzito, maana wengi wanalikosea kabla hata hawajatoka dukani. Tela langu likiwa limejaa vitu vyangu lina pauni 9,600, kama kilo 4,350. Kwa fifwili, karibu moja ya tano ya uzito hukaa kwenye kingpini, yaani pikapu inabeba mgongoni karibu kilo 870 kabla sijaweka mtu wala begi. Kuna kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachosema pikapu yako hiyo hiyo inaweza kubeba kiasi gani. Soma hicho, acha kusoma tangazo. Kisha nenda ukapime kwenye mizani ya malori, zile za CAT Scale zilizo kwenye vituo vikubwa vya mafuta. Pima ukiwa na tela, halafu likiwa limefunguliwa upime pikapu peke yake. Toa uzito wa pikapu peke yake kwenye uzito uliosomwa kwa ekseli zake ikiwa na tela, na hapo unajua mgongo wako umebeba nini. Mimi nilipima baada ya ajali. Namba zangu zilikuwa sawa, lakini zilikuwa sawa kwa bahati.

Sasa turudi kwenye siku ya ile nyundo, Amarillo, mji wa Texas.

Nilitoka Houston saa tisa usiku, nikafika Amarillo saa tisa alasiri, maili kama 600, upepo unalisukuma tela ubavuni kuanzia katikati ya safari hadi mwisho. Kesho yake saa moja asubuhi nilitakiwa hospitalini kuripoti. Kiwanja nilichopewa kambini, kwenye eneo la kuegesha matela ya kuishi, kilikuwa na mwinuko mdogo, pua ya pikapu ikitazama juu. Ni mwinuko ambao ungeuona tu kama ungemwaga maji.

Nikateremsha miguu ya mbele ya tela hadi ikagusa chini. Nikachomoa waya wa umeme wenye pini saba. Nikachomoa na ule waya mwembamba wa dharura, ambao kazi yake ni kwamba tela likijichomoa barabarani, unavuta kipini na breki za tela zinashika kwa umeme wa betri yake. Nikaweka kabari mbili za mpira kwenye magurudumu. Niliziweka mbele ya magurudumu. Kwa akili ya mtu aliyekaa kwenye usukani kwa saa kumi na mbili, nilijiambia kitu kikitaka kukimbia kitakimbilia kule gari linakotazama.

Nikavuta mpini wa kiungio. Haukutoka. Nikaweka mguu kwenye tairi nikavuta kwa mikono miwili, nikaning'inia. Haukutikisika. Kijana wa kiwanja cha jirani akapita na mbwa wake, akanitazama, akaendelea na mbwa wake. Nikafungua sanduku la vifaa nikatoa nyundo.

Mpini ulipoachia, tela likateremka nyuma kama mita moja. Mlango wa nyuma wa bodi nilikuwa sijaushusha, kwa hiyo shingo ya tela ikaubamiza na kuukunja kama sufuria ya bati iliyokanyagwa. Miguu ya mbele ikaburuzwa kwenye changarawe, mmoja ukapinda. Na nadhani ule mlango uliokunjika ndio uliolisimamisha.

Nilisimama palepale nimeshika nyundo. Kilichonitoa jasho hakikuwa mlango. Sekunde chache kabla, mkono wangu wote hadi begani ulikuwa umepita kwenye pengo kati ya shingo ya tela na ubavu wa bodi. Nimewahi kufunga bandeji mikono iliyobanwa na vitu vizito. Najua inavyofika kwetu.

Mlango wa pikapu, pamoja na kamera iliyokuwa ndani yake, ulikuwa dola 1,870. Bima ililipa baada ya mimi kutoa 1,000 za kwanza. Mguu wa tela nililipa 620 mfukoni, sikudai bima nikiogopa mwaka unaofuata wasije wakanipandishia. Usiku ule nililala ndani ya nyumba iliyoinama upande.

Alasiri ileile nilikuwa nimempigia baba. Kwake ilikuwa inakaribia saa sita usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umefika?"

Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Ulilisukuma kwanza?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza matingo wake. Kingpini inaingia kwenye kiungio kwa nyuma, na chuma kinachofunga kinakaa nyuma yake. Gari likiwa linavuta, au likiwa limeegeshwa pua juu, tela linataka kurudi nyuma, kwa hiyo pini inakilalia kile chuma cha kufunga kwa uzito wake wote. Hapo hutakitoa kwa mkono. "Mpini haujakataa," akasema. "Uliokataa ni uzito. Wewe ukaupiga nyundo."

Dawa yake ni hii, na baadaye nimeitumia mara nyingi. Kabari ziwe zimebana magurudumu ya tela mbele na nyuma, ila muhimu zaidi ni upande wa mteremko. Ukishazibana, rudisha pikapu nyuma kidogo sana, kama unataka kulisukuma tela kwenye kabari. Pini inatoka kwenye kile chuma. Sasa jambo ambalo hata baba hakulitaja, kwa sababu magari yake hayakuwa na gia ya otomatiki: ukiweka gia kwenye P na kuachia breki ya mguu, pikapu inaweza kusogea mbele tena sentimita mbili tatu hadi gia inaposhika, na pini inarudi kubana. Unashuka, unavuta, umekwama vilevile, unadhani dawa haifanyi kazi. Kwa hiyo ukiwa bado umekanyaga breki ya mguu, vuta breki ya mkono hadi mwisho, ndipo uweke P, ndipo uachie mguu. Nilipolijua hili, kile kiungio kibovu kiliachia kwa vidole viwili.

Lakini kibovu kilikuwa kibovu kweli. Jirani mmoja, mzee mstaafu aliyekuwa ameishi kwenye tela lake miaka mingi, alikuja na tochi siku ya tatu, akaniomba ruhusa akifungue. Ndani kulikuwa na grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi hadi ikawa kama lami. Ile fimbo ya kufunga ilikuwa na kutu upande mmoja. Halafu akanionyesha kitu ambacho nisingekitambua hata kwa miaka kumi: kwenye kingpini yangu kulikuwa na sahani ya plastiki, ile inayowekwa ili usipake grisi juu ya kiungio. Sahani yenyewe si kosa, hata sasa ninayo. Kosa ni kwamba ile ilikuwa nene kupita kiasi, ikaiinua tela, pini ikawa haishuki vya kutosha ndani ya taya, sehemu ya kiungio inayoishika. Fimbo ilikuwa inafunga kwa kukwaruza. Nilikuwa nimevuta nyumba maili 600 kwa kufuli iliyoshika nusu ya ulimi. Mtengenezaji wa kiungio huandika kwenye kitabu unene wa sahani anaokubali. Kitabu sikuwa nacho, maana kitu cha bure hakiji na kitabu.

Nikaanza kutafuta kiungio kingine, na kwa wiki tatu nikawa mtu wa kuchungulia bodi za watu. Kambini kuna faida hiyo: kila anayeingia unamtazama anavyofungua, na watu wanapenda kuulizwa. Nilivyoanza nilikuwa nalinganisha kibandiko cha pauni ambazo kiungio kinaweza kuvuta: hiki 16,000, hiki 20,000. Baada ya muda nikaacha. Vyote vilikuwa na nguvu kuliko tela langu. Nikawa natazama mambo mawili: je, ninaweza kuona kwa macho kwamba kimefunga? Na kikibanwa, kinaachiaje?

Aina ya kwanza ni kama ile yangu ya zamani: fimbo au taya moja inayotelezeshwa kwa mpini. Ni rahisi kwa bei, na kikiwa kizima na kisafi kinafanya kazi. Udhaifu wake kwangu ni kwamba pini ina nafasi ya kuchezacheza ndani. Ukikanyaga breki unasikia ngo, ukiondoka ngo, siku nzima. Na ukiegesha pabaya, mtakutana na lile suala la uzito.

Aina ya pili ni ya tufe. Yule mzee jirani alikuwa nayo, ya kampuni ya Andersen, ya alumini. Unafunga kishikio kwenye kingpini kwa bolti kali, na kishikio hicho kinakaa juu ya tufe lililo ndani ya bodi. Nilikinyanyua kile kiungio kwa mkono mmoja. Kina pauni 35 hivi, kama kilo 16, ilhali changu cha zamani kilihitaji watu wawili na maneno makali. Hakigongi. Na kwa kuwa kinatoka kwa kupanda juu, ukishafungua unainua tu tela kwa miguu yake hadi liache tufe, kwa hiyo kule kubana kwa mbele na nyuma hakukusumbui sana. Nilikaribia kununua hiki. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba kila kitu kinategemea zile bolti za kishikio zikazwe kwa kipimo na zikaguliwe, na mimi ni mtu wa kutoka zamu saa moja asubuhi. Pia, kabla ya kufunga chochote kinachobadilisha jinsi kingpini inavyoshikwa, muulize mtengenezaji wa tela lako kwa maandishi kama dhamana ya fremu inaendelea. Jibu la simu halisaidii.

Aina ya tatu ndiyo niliyochukua: taya mbili zinazoikumbatia pini pande zote. Yangu ni Companion ya B&W, kampuni iliyoko Humboldt, Kansas. Taya zinaonekana waziwazi ukichungulia kwa tochi, pini haina pa kuchezea, ile ngo imeisha, na mpini wake umeundwa kwa namna inayosaidia kuachia hata ukiwa umebanwa kidogo. Nililipa dola 1,250, na 380 za kuweka sehemu ya kukishikilia chini ya bodi, ambapo sasa nikikitoa bodi inabaki tupu bila reli. Ubaya wake ni uzito. Kinatoka vipande viwili na hata hivyo siwezi kukinyanyua peke yangu. Kwa mtu anayehitaji bodi yake kila wiki kwa kazi nyingine, ningemshauri aende kwenye tufe, afunge zile bolti vizuri, alale.

Nilipomwambia baba bei, alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza kingpini ina unene gani. Inchi 2, nikamwambia. Akacheka. Kumbe ndiyo ileile iliyobeba shaba ya Zambia aliyokuwa akiipeleka bandarini. Shaba yote ile, na kinyumba changu chenye mapazia, kwenye pini ya unene mmoja.

Kiungio kizuri nacho hakikusomeshi. Wiki ya 13 ilipoisha nilifunga safari ya Albuquerque. Nilirudisha pikapu chini ya shingo, nikasikia mlio wa taya, mpini ukakaa mahali pake, nikaweka pini ya usalama. Kila kitu kilisema nimefunga. Kabla ya kuinua miguu nikakumbuka neno la baba, lile alilolirudia hadi likanichosha: "Vuta kuhakikisha." Namna ya kufanya ni kuacha miguu ya tela ikiwa imegusa au imeachana na ardhi kwa kidole tu, mlango wa bodi ukiwa chini, kabari zikiwa bado mahali pake, unashika breki za tela kwa ile swichi ya mkono iliyo karibu na usukani, kisha unavuta mbele polepole. Kama umefunga, pikapu inakataa kwenda.

Pikapu ilikwenda.

Nilisimama baada ya sentimita chache. Nikashuka na tochi. Kingpini ilikuwa imepita juu ya taya, imelala juu yake, na taya zilikuwa zimejifunga kwenye hewa. Tela nilikuwa nimeliinua mno. Sahani ya chuma ya kiungio inatakiwa iwe juu kidogo kuliko ile ya chini ya shingo ya tela, kama inchi nusu hadi moja, ili pikapu ikirudi nyuma iinyanyue shingo kidogo inapoingia. Ukiona shingo haijatikisika unapoingia, hujaingia. Ningeondoka vile, lingeteleza kwenye kona ya kwanza na kudondokea kuta za bodi. Niliteremsha tela, nikarudia, nikachungulia, nikavuta. Safari hii ilikataa. Mikono ilitetemeka hadi nilipovuka mpaka wa New Mexico.

Sasa utaratibu wangu wa kufungua hauna haraka hata nikifika nimechoka namna gani, na ikibidi nalala na pikapu ikiwa imefungwa hadi asubuhi. Nyumba ina kitanda. Kwanza nalisawazisha tela kushoto na kulia kwa kupandisha magurudumu kwenye vibao, kwa sababu ukishafungua huwezi tena kulipandisha. Kabari mbele na nyuma. Miguu inateremka hadi naona bodi ya pikapu inapumua kidogo, isiinuliwe sana. Mlango wa bodi chini. Huu naugusa kwa mkono na kutamka kwa sauti "mlango", majirani wakinisikia shauri yao. Waya wa pini saba natoa. Ule mwembamba wa dharura naacha hadi mwisho kabisa. Halafu narudisha pikapu, breki ya mkono, mpini. Na nikishafungua sitoki mara moja: nasogea mbele kiasi cha kingpini kutoka kwenye taya tu huku shingo bado iko juu ya sahani, nasimama, nashuka, naitazama miguu. Kama kuna mguu unaodidimia, tela litakaa juu ya kiungio badala ya kuangukia gari. Ndipo natoa waya wa dharura na kuondoka.

Kile kiungio cha zamani, kijana mmoja kambini alitaka kukinunua kwa dola 250. Nilikipeleka kwenye vyuma chakavu nikapewa 9.

Jana baba aliomba nimpigie picha taya za kiungio kipya. Nikamtumia. Baada ya dakika mbili akajibu kwa sauti, nyuma yake jogoo anawika: "Nzuri. Lakini grisi upande wa kulia imeshika mchanga, mama. Futa." Nikachukua tambara nikatoka nje.